Maana ya Kufaulu na Asili ya Neno Falaah

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darsa yetu ya hapa Kaloleni, baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tukisoma mlango wa adhana. Twakiri kwamba tulidhani ni mlango mwepesi ambao tungeumaliza kwa usiku mmoja tukaendelea na mlango wa kibla. Lakini kijana mmoja katika wanafunzi wetu, aliyerejea nyumbani baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne kutomridhisha yeye wala wazazi wake, aliinua mkono akasema: "Maalim, mwadhini aniitia kufaulu mara tano kila siku, nami nikipita sokoni huitwa yule aliyefeli. Nimsadiki nani?"

Baadhi yetu tulicheka. Maalim hakucheka. Alifunga kitabu, akasema kwamba swali hilo halijibiwi kwa neno moja, na kweli lilituchukua darsa nne. Haya tuyaandikayo ni machache tuliyoyapata humo, nasi twayatoa kwa ndugu zetu wasiohudhuria, khasa walio mbali nasi katika miji ya pwani.

Tuanze kwa hesabu ndogo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, neno falaah hutajwa mara mbili katika kila adhana na mara moja katika kila ikama. Kwa sala tano za faradhi ni mara kumi na tano kwa siku. Basi mtu akaaye jirani na msikiti kwa miaka 20 amekwisha kulisikia zaidi ya mara laki moja. Ni katika maneno ya Kiarabu yaliyogonga sana masikio ya watu wa pwani. Na juu ya hayo, msimamishe mtu mlangoni pa msikiti umwulize falaah ni nini. Atakwambia, "Ni kufaulu." Mwulize kufaulu ni nini. Hapo ndipo utakapomwona akitazama viatu vyake.

Mabingwa wa lugha ya Kiarabu wamelichimbua neno hili tangu zamani. Ibn Faris, aliyefariki mwaka 395 wa Hijra, yaani 1004 wa Miladi, alisema kwamba herufi zake tatu, fa na lam na ha, zina asili mbili: ya kwanza ni kupasua, na ya pili ni kushinda na kubaki. Kwa asili ile ya kwanza Waarabu humwita mkulima fallaah, kwa kuwa yeye huipasua ardhi. Na aliyepasuka mdomo wa chini huitwa aflah. Hata Antara, yule mshairi shujaa wa zama za Jahiliya, alipewa lakabu kwa neno hili kwa sababu ya mdomo wake. Na wana methali isemayo kwamba chuma hupasuliwa kwa chuma, nao hutumia neno hili hili.

Angalieni basi ndugu zetu. Neno tulidhanialo kuwa ni la watu waliokwisha kukaa vitini, kumbe asili yake ni jembe. Aliyefaulu kwa mujibu wa lugha ni mtu aliyeipasua ardhi ngumu, akatia mbegu asiyoiona tena, akangoja mvua isiyo mkononi mwake. Na Qur'ani nayo haikuiacha sura hii. Katika Suratush-Shams, aya ya 9 na ya 10, Mwenyezi Mungu asema kwamba amefaulu aliyeitakasa nafsi yake, na amekhasirika aliyeizika. Neno lililotumika kwa kutakasa lina maana ya kukuza pia, na lile jingine lina maana ya kufukia na kuficha chini. Mmoja ameipasua nafsi yake ikamea, mwenziwe ameifukia.

Sisi watu wa minazi hatuna sababu ya kuliona jambo hili kuwa geni, kwani Kiswahili chetu kimekwenda njia hiyo hiyo bila ya kufunzwa na mtu. Twasema fulani hafui dafu mbele ya fulani, maana yake hamwezi, hashindi. Na kufua ni nini? Ni kuitwaa nazi ukaipiga juu ya kifuo, kile kijiti kilichochongwa ncha na kusimikwa ardhini, ukaibana, ukaizungusha, makumbi yakapasuka na kutoka. Nazi kavu hufuka kwa wepesi akiishika mzoefu. Lakini dafu lina kumbi bichi lishikamanalo, nalo humchosha hata mwenye mikono ya kazi. Ndiyo maana likawa kipimo. Mzee mmoja katika darsa, ambaye amefua nazi tangu utoto wake, alituambia kwamba makosa ya vijana ni kutumia nguvu za mabega badala ya kujua mahali pa kuichoma ncha. Tulilipenda neno hilo, ijapokuwa yeye alikuwa akisema nazi tu.

Yako maneno mengine ya jamaa moja na haya. Kufuzu tumelitwaa kutoka Kiarabu, fawz, nalo ni kuokoka na balaa pamoja na kupata unachokitaka. Katika Aali Imran, aya ya 185, aliyefuzu ni yule aliyeepushwa na Moto akatiwa Peponi. Siku hizi twasikia timu ya mpira imefuzu kuingia duru ya pili, wala hatuoni ubaya. Maneno husafiri kama watu wasafirivyo. Najah pia lina maana ya kufaulu, na mwaka 1911 lilitoka gazeti Unguja lililoitwa kwa jina hilo, Al-Najah. Lakini ni ajabu kwamba neno hilo, ambalo leo Waarabu hulitumia kwa mitihani na biashara, halimo katika Qur'ani hata mara moja. Waingereza nao wana neno lao walilolipata kwa Kilatini, ambalo asili yake ni kufuata nyuma ya kitu, na zamani walilitumia kwa matokeo yo yote, mema au mabaya. Na wala pasiwe na mtu wa kuchanganya falaah na islaah, lililokuwa jina la gazeti alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui huko Mombasa mwaka 1932. Islaah ni kutengeneza kilichoharibika, na herufi zake ni nyingine. Ila yule Sheikh, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 1947 naye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1937, umri wake aliutumia kuwafahamisha watu kwamba la pili halipatikani bila ya la kwanza.

Sasa tuingie katika Qur'ani yenyewe. Herufi za falaah zimekuja humo mara 40. Ama jina falaah lenyewe, kama alitajavyo mwadhini, halikuja hata mara moja. Kilichokuja ni kitendo, amefaulu, watafaulu, mpate kufaulu, na wenye kukitenda, yaani wenye kufaulu. Maalim alituambia tusiipite nukta hii kwa haraka, kwani Qur'ani haikuuweka ufaulu kama kitu kilichowekwa kabatini. Kila mahali pana mtu afanyaye kazi fulani.

Lakini lililotushughulisha zaidi ni hili, kwamba neno hili limewekwa pia katika vinywa vya watu wa Firauni. Katika Surat Taha, aya ya 64, siku ile ya kushindana na Nabii Musa, waliambizana kwamba hakika atafaulu leo mwenye kushinda na kuwa juu. Hiyo ndiyo tafsiri ya Firauni ya neno kufaulu: kuwa juu, leo, mbele ya watu. Kisha katika aya ya 69, Mwenyezi Mungu akamwambia Musa kwamba mchawi hafaulu popote ajapo. Na mwisho wake mwaujua. Wachawi wale wale wakaanguka kusujudu, naye Firauni akawaahidi kuwasulubu juu ya magogo ya mitende. Asubuhi walikuwa wakiomba ujira wa mfalme; kabla ya siku kwisha walikuwa watu wa kuuawa. Kwa mizani ya Firauni hakuna waliofeli kuliko wao.

Na Qaruni hali kadhalika, katika Suratul-Qasas. Walimwona akitoka katika mapambo yake, wakasema laiti nasi tungepewa kama alivyopewa. Ardhi ilipommeza, wale wale waliomtamani ndio waliosema kwamba makafiri hawafaulu. Yaani walilijua neno baada ya kuiona shimo. Si vizuri kusubiri hadi hapo.

Tumefika mahali ambapo hatuna budi kuzungumza juu ya mji wetu, na baadhi ya wasomaji huenda wasipendezwe.

Katika miaka ya 1960 alifika hapa mtaalamu mmoja Mwingereza, David Parkin, akakaa na Wagiriama wa Kaloleni na vijiji vyake akitazama maisha yao. Huenda hilo ni sawa na jina la mji, kwani Kaloleni kwa Kigiriama ni kama kusema nendeni mkatazame. Alichokiona alikiandika katika kitabu alichokitoa mwaka 1972, ambacho jina lake lataja minazi, tembo na mashahidi. Kwa ufupi khabari ni hii. Mbata zilikuwa zimepata thamani, na wakatokea watu, wengi wao vijana, waliokuwa wakinunua minazi na mashamba ya jamaa zao. Wauzaji walikuwa wenye haja: huyu ana mahari ya kumtolea mwanawe, yule ana matanga ambayo ada ilimlazimu kuwalisha na kuwanywesha watu wengi. Haja ya mmoja ikawa ndiyo faida ya mwenziwe. Na kwa kuwa mauziano yalikuwa ya maneno na si ya karatasi, aliyenunua alihitaji wazee wa kumshuhudia siku atakapodaiwa kwamba ule ulikuwa rehani wala si uuzaji. Basi hakuweza kuwakata wazee. Lakini akikaa nao katika kila tembo na kila karamu, mali yote itanywewa.

Wakafanyaje? Wengine waliugua. Walipokwenda kwa waganga, waliambiwa kwamba wamepandwa na pepo wa Kiislamu, na pepo huyo ataka mtu wake asinywe tembo wala asile nyama isiyochinjwa na Mwislamu. Basi mtu akawa Mwislamu kwa ajili ya maradhi, akiitwa mahaji kama desturi ya hapa, na kuanzia siku hiyo akapata udhuru wa kukaa mbali na chungu cha watu bila ya kuitwa mchoyo. Hakuyataka mwenyewe, pepo ndiye aliyetaka. Minazi ikaongezeka.

Hatusemi kwamba kila aliyesilimu kwa njia hiyo alikuwa mwenye hila, wala hatumo katika nyoyo za watu. Maradhi ni maradhi, na Mwenyezi Mungu humwongoza amtakaye kwa mlango autakao. Mtaalamu yule naye hakusema kwamba walijifanya kuugua. Alieleza tu jinsi jambo lilivyowafaa. Wala hatudharau kujitahidi kwao. Mtu kuacha tembo, akalima, akaweka akiba, ni jambo jema hata likifanywa na asiyejua sababu yake. Tunachouliza ni kimoja. Mtu yule, mwenye minazi mingi, msikitini Ijumaa, asiyenywa, asiyedaiwa, ambaye jamaa zake wamebaki bila shamba, je, huyu ndiye aitwaye na mwadhini?

Twendeni tena kwenye Qur'ani. Mara mbili, katika Suratul-Hashri aya ya 9 na katika Suratut-Taghabun aya ya 16, Mwenyezi Mungu amesema kwa lafudhi moja kwamba wenye kuepushwa na uchoyo wa nafsi zao, hao ndio wenye kufaulu. Tafadhali litazameni neno hilo. Halikusema uchoyo wa mali. Limesema uchoyo wa nafsi, kwani mtu huweza kuwa hana hata mnazi mmoja naye ana uchoyo wa kujaza ghala. Na katika Suratur-Rum, aya ya 38, aambiwa mtu ampe jamaa yake haki yake, na maskini, na msafiri, kisha aya hiyo ikamalizika kwa neno lile lile, wenye kufaulu. Aya ya Suratul-Hashri iliteremka kuwasifu Ansari wa Madina, waliowapokea wenzao na kuwapa hata walipokuwa wao wenyewe na haja. Hao Ansari walikuwa wakulima wa mitende. Fallaah na mwenye falaah walikutana katika mtu mmoja.

Kwa hivyo yule aliyekimbia chungu cha wenzake kwa kumsingizia pepo, hata kama sala yake ilikuwa sahihi, kitu hiki kimoja kilimpita. Na sisi tuliozaliwa Waislamu tusijione salama. Wangapi kati yetu hununua shamba la yatima kwa bei ya matanga, tena kwa karatasi zenye muhuri? Na jambo la wazee wanaosingiziwa uchawi katika jimbo letu la Kilifi hata wakauawa, kila mtu ajua kwamba mara nyingi nyuma yake pana shamba. Anayeua kwa jina la kupiga vita uchawi amefanya kazi ya uchawi wenyewe, na aya ya Taha tuliyoitaja inamhusu.

Hapa ndipo mtu mmoja katika darsa alipouliza juu ya tembo, kwa sauti ya chini, kwani ana minazi yake aliyompa mgema. Sura ya Maida, aya ya 90, imekusanya ulevi na kamari na masanamu na mishale ya kupigia ramli, ikasema viepukeni mpate kufaulu. Neno letu lipo hapo pia. Sisi twaona kwamba asiyekunywa naye akala kodi ya mgema hajaepuka bado. Aliyeambiwa aepuke hakuambiwa asimeze tu. Twajua hasara yake, kwani karara ligemwalo halizai nazi, na pesa ya tembo huingia kila siku ilhali nazi hungojewa. Maalim hakumkemea. Alimwambia aanze na mnazi mmoja, auache uzae. Ndugu yetu akasema atafikiri. Bado anafikiri.

Isije mtu akafahamu kwamba twaipinga dunia. Raghib al-Isfahani, mwenye kitabu cha Mufradat, aliigawa falaah mafungu mawili. Ya dunia, akasema, ni kubaki na kuwa na mali na kuwa na heshima. Na ya Akhera ni kubaki pasipo kutoweka, na utajiri pasipo ufukara, na heshima pasipo unyonge, na elimu pasipo ujinga. Haikukatazwa ile ya kwanza. Imepunguziwa cheo tu, kwa sababu kila kilichomo ndani yake kina kinyume chake mlangoni kikingoja. Na yapo mapokezi ya Abu Dhar kwamba Mtume (s.a.w.) aliwasalisha usiku wa Ramadhani hata wakachelea kupitwa na falaah. Alipoulizwa falaah ni nini, alijibu kwamba ni daku. Daku! Chakula cha usiku kiitwe kwa jina hili tukufu, kwa sababu ndicho kimbakishacho mfungaji na nguvu mpaka jioni. Wale waionao dini kuwa ni adui wa tumbo na waikumbuke hadithi hii.

Imebaki nukta moja, nayo ndiyo iliyomgusa kijana wetu. Mwadhini anapolitaja falaah, sisi tusikiao hatulirudii neno lake kama turudiavyo mengine. Sunna ni kujibu kwamba hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Kwa nini? Kwa sababu tumeitwa kwenye jambo tusiloliweza peke yetu. Waarabu huita taufiki, na asili ya neno hili ni kuafikiana, jambo kulingana na jambo: juhudi ya mja na matakwa ya Mola wake. Na Kiswahili hapa pia kimetutangulia, kwani kufanikiwa limetoka katika kufana, na kufana ni kufaa na kulingana, kama shughuli inapofana. Mkulima hupasua ardhi, ila mvua haipasui yeye.

Basi kijana alipolisikia hili alisema, "Kwa hivyo mtihani haukuwa na maana?" Maalim akamjibu kwamba ulikuwa na maana. Hesabu aliyoikosa ameikosa, na ni wajibu wake kuisoma tena ikiwa anaihitaji. Uvivu hauitwi kadari. Lakini karatasi ile ilipima masomo kadhaa kwa siku chache za mwaka mmoja. Hata mitihani yenyewe hupita. Ule wa KCPE, uliowaliza watoto wa Kenya kwa miaka mingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na waliofaulu na waliofeli humo leo hawaulizwi. Ama mizani itajwayo katika Suratul-Aaraf, aya ya 8, ambayo wenye kupima uzito humo ndio wenye kufaulu, haijafungwa bado kwa mtu aliye hai. Sisi tupelekao mbata mizanini twajua kwamba mnunuzi hatazami ukubwa wa gunia.

Kijana amejiandikisha kurudia masomo mawili. Asubuhi humsaidia mjomba wake kufua nazi, na usiku huja darsani. Sokoni bado wapo wamwitao kwa jina lile.

Darsa ijayo, inshallah, tutasoma aya kumi na moja za mwanzo wa Suratul-Muuminun, ambazo zimefunguliwa kwa neno hili hili, tuone ni kazi gani wamezitaja hao waliofaulu. Kila mmoja na aje na msahafu wake, na mwenye taa aje nayo, kwani umeme wa msikitini hukatika.